Breki za Volkswagen Beetle: kaza shuu kwanza, toa upepo baadaye

Malalamiko ya wenye Beetle hufanana. Mtu amefunga shuu mpya (vipande vinavyobana dramu, ile ngoma inayozunguka na gurudumu), amebadilisha masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali kupeleka mafuta ya breki magurudumuni), ametoa upepo (hewa iliyoingia kwenye mafuta) mpaka chupa ya mafuta ya breki imekwisha, lakini pedali bado inazama. Akikanyaga mara ya pili ndiyo inashika. Anarudi dukani kununua masta silinda nyingine.

Mara nyingi upepo ulishatoka siku nyingi. Kilichobaki ni nafasi kubwa kati ya shuu na dramu. Breki za dramu za Beetle hazijikazi zenyewe. Ni lazima mtu azikaze kwa mkono, gurudumu baada ya gurudumu. Nafasi ikiwa kubwa, mkanyago wa kwanza wote unaliwa na safari ya shuu kuifuata dramu. Mkanyago wa pili unazikuta shuu hazijarudi nyuma kabisa, ndiyo maana pedali inapanda. Hapo ukitoa upepo mara kumi utakuwa unamwaga mafuta tu.

Mwongozo huu ni wa Beetle zenye dramu magurudumu yote manne. Kama yako ina diski mbele, hatua za magurudumu ya nyuma, hendibreki na kutoa upepo zinakuhusu vilevile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa gari

- Jeki imara na stendi mbili au nne. Tofali halifai, hata yakipangwa manne. Hupasuka bila taarifa.
- Mawe au vipande vya mbao vya kuzuia magurudumu.
- Soketi ya milimita 36 na bomba refu la kuongezea mkono wa spana, kwa nati za ekseli ya nyuma.
- Spana ya milimita 7 kwa skrubu za kutolea upepo, na ya milimita 11 kwa nati za mabomba ya breki. Hii ya 11 iwe ile inayolikumbatia bomba pande zote. Spana ya mdomo wazi hula kona za nati.
- Bisibisi bapa mbili, plaizi, nyundo, brashi ya waya, msasa.
- Mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4, chupa ambayo haijafunguliwa.
- Spiriti ya kusafishia na matambara safi. Petroli na mafuta ya taa viweke mbali na sehemu za mpira, kwani huzivimbisha.
- Grisi ya kustahimili joto, grisi ya beringi, na pini mpya za kufungia nati za ekseli.
- Mpira mwembamba unaopitisha mwanga na chupa tupu.
- Mtu wa kukanyaga pedali.

Ukienda kununua shuu, chukua za zamani mkononi. Beetle hazilingani zote; modeli za 1302 na 1303, kwa mfano, zina dramu kubwa zaidi mbele, milimita 248 badala ya 230. Muuzaji anayekuambia "zote zinaingiliana" hatakuwa nawe kwenye mteremko.

Usinunue DOT 5. Hiyo ni ya silikoni na haichanganyiki na mafuta ya kawaida. DOT 5.1 si silikoni, lakini kwa Beetle haina faida ya kukutoa pesa za ziada. Na usimruhusu mtu aongeze oili ya injini au ya hidroliki "ya kufikia nyumbani". Mipira yote ya mfumo itavimba, na utaibadilisha yote.

## Hatua ya 1: Isikilize pedali

Kabla ya kufungua chochote, kaa kwenye kiti ukanyage.

Pedali ikizama mara ya kwanza kisha ikapanda ukikanyaga haraka mara ya pili, shuu zimelegea. Ikirudi juu kwa kudunda kama sifongo hata baada ya kukaza, kuna upepo. Ukiikandamiza na kuishikilia halafu ikaendelea kushuka polepole, kuna mahali panavuja, au mipira ya ndani ya masta silinda imechoka.

Gari likivuta upande mmoja, upande wa pili haufanyi kazi sawasawa: shuu zimelowa, silinda ya gurudumu (inayozisukuma shuu) imeganda, au mpira wa breki (bomba la mpira linalopeleka mafuta gurudumuni) umeziba. Gurudumu likichemka wakati hukushika breki sana, shuu zake haziachii.

Kwa hilo la kutoachia, kuna jaribio rahisi. Inua gurudumu, mwambie mwenzako akanyage kisha aachie. Likibaki limeshika, fungua kidogo skrubu ya kutolea upepo ya gurudumu hilo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, presha imenaswa. Ikiwa ni gurudumu hilo moja tu, kwanza ushuku mpira wa breki: kwa nje unaweza kuonekana mzima huku ndani umevimba, unapitisha mafuta kwenda lakini hauyarudishi. Ikiwa ni magurudumu kadhaa kwa pamoja, nenda kwenye masta silinda na Hatua ya 6. Gurudumu lisipoachia hata baada ya kufungua skrubu, tatizo liko ndani ya dramu au kwenye kebo ya hendibreki.

## Hatua ya 2: Legeza, inua, fungua dramu

Nati za ekseli ya nyuma zilegezwe gari likiwa chini, magurudumu yote yako ardhini, gia imeingia na hendibreki imevutwa. Toa kifuniko cha katikati ya gurudumu, chomoa pini, ingiza soketi ya 36 na bomba refu. Nati hii hukazwa kwa nguvu kubwa sana. Ukiivuta gari likiwa juu ya stendi, gari linakuja juu yako. Kuna mafundi wanaoipiga kwa patasi. Utawajua kwa makovu wanayoyaacha kwenye nati.

Baada ya kulegeza, zuia magurudumu ya upande usioinuliwa. Ukifanya kazi nyuma, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, maana hendibreki itabidi uiachie. Stendi za nyuma zikae chini ya ncha za bomba kubwa linalopita mbele ya giaboksi. Za mbele zikae chini ya mabomba mawili ya mhimili wa mbele, kwa Beetle zenye mhimili huo. Usiinulie kwenye injini wala kwenye bati la sakafu. Litikise gari kwa mikono kabla ya kuingiza hata mguu chini yake.

Dramu ikikataa kutoka, usianze na nyundo. Dramu iliyotumika muda mrefu hufanya ukingo wa ndani, na shuu hunasa hapo. Legeza kwanza ajasta, yaani kile kinachosogeza shuu karibu au mbali na dramu (namna yake iko Hatua ya 5), kisha vuta. Ya nyuma ikiwa imeganda kwenye meno ya ekseli, tia mafuta ya kulegeza kutu, ngoja, halafu tumia pula. Kupiga ukingo wa dramu kwa nyundo kunaweza kuipasua.

Mbele, kumbuka mambo mawili. Gurudumu moja lina kebo ya spidomita inayopita katikati ya kifuniko cha grisi. Toa klipu yake ndogo kabla ya kung'oa kifuniko. Na nati ya beringi ya upande wa kushoto ina nyuzi za kinyume: inafunguka kwa kuizungusha kufuata mshale wa saa. Wengi hukaza badala ya kufungua, wakaharibu nyuzi.

## Hatua ya 3: Kagua kwa macho na vidole

Vumbi lililomo ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lainingi (tabaka la shuu linalosugua dramu) za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Lowanisha kwa maji au spiriti, pangusa, na tambara lile ulitupe likiwa bichi ndani ya mfuko.

Pima lainingi. Ikiwa imebaki milimita 2.5 au chini, badilisha. Shuu hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia pamoja. Ukibadilisha upande mmoja gari litavuta.

Kisha kunja taratibu kingo za mipira ya vumbi kwenye silinda ya gurudumu. Unyevu mdogo sana si ajabu. Mafuta yakichuruzika, silinda imekwisha.

Ukikuta shuu za nyuma zimelowa, tambua kwanza ni mafuta gani. Mafuta ya breki ni mepesi na yanaoshwa na maji. Oili ya giaboksi ni nzito, ina harufu kali ya salfa, na maji hayaiondoi. Ikiwa ni ya giaboksi, sili ya ekseli imechoka, na shuu mpya zitalowa vilevile usipoibadilisha. Shuu zilizolowa hazioshwi zikarudishwa. Lainingi hunyonya mafuta, na joto likipanda yanatoka tena.

Mipira ya breki iko minne, miwili mbele na miwili nyuma. Ikunje kwa vidole: ukiona mipasuko, badilisha. Bomba la chuma lililoliwa na kutu libadilishwe kwa bomba halisi la breki. Shaba ya kawaida ya mafriji haifai, huchoka kwa mtikisiko na kupasuka.

## Hatua ya 4: Funga shuu na urudishe dramu

Fungua upande mmoja tu kwa wakati mmoja, ule mwingine uwe kielelezo chako. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa springi ya kwanza. Springi za nyuma na kile kipande kinachounganisha shuu na mkono wa hendibreki ndivyo vinavyowachanganya watu.

Safisha ajasta mpaka nyuzi zake zizunguke kwa vidole, kisha zipake grisi ya joto. Ukiruka hapa, Hatua ya 5 itakushinda, kwa sababu ajasta iliyoganda haikazi kitu. Paka grisi kidogo mno pale shuu inapogusa bamba la nyuma, lile la chuma linaloshikilia shuu. Mfereji wa ajasta umekatwa kwa mshazari. Uelekeze ufuate umbo la shuu ili ncha ikae bila kulazimishwa. Kabla ya kufunga, zirudishe ajasta zote ndani kabisa, la sivyo dramu haitaingia.

Dramu ya mbele ikisharudi, kaza nati ya beringi huku ukiizungusha dramu, kisha ilegeze kidogo kidogo mpaka washa iliyo nyuma ya nati isogee kwa kusukumwa na ncha ya bisibisi bila nguvu. Washa isiposogea, beringi itaungua. Ikicheza ovyo, gurudumu litayumba.

Nati ya nyuma inahitaji mkazo wa kiasi cha Nm 300 (nyutonimita). Huna toki renchi ya ukubwa huo? Shusha gari chini, funga soketi na bomba lilale sawa na ardhi, kisha ning'iniza mfuko wa unga wa kilo 25 mahali palipo mita 1.2 kutoka katikati ya nati. Hiyo ni karibu Nm 295, na uzito wa bomba unaongezea. Nati ikizunguka na bomba likashuka, lirudishe lilale tena, mpaka mfuko ubaki unaning'inia bila bomba kusogea. Tundu la pini lisipolingana, endelea kukaza mpaka tundu linalofuata; usirudi nyuma. Nati iliyolegea hula meno ya dramu, na siku moja unakanyaga breki, dramu inasimama, ekseli inaendelea kuzunguka.

## Hatua ya 5: Kukaza shuu, penye kazi yenyewe

Inua gari tena. Weka gia huru, achia hendibreki kabisa. Kama kebo za hendibreki zimevutwa sana, zilegeze kwanza, kwa sababu zitakudanganya kwamba shuu zimekwisha kaza.

Kila gurudumu lina ajasta mbili, moja kwa kila shuu, zenye meno kama nyota. Beetle za mwanzo zina tundu kwenye uso wa dramu: zungusha gurudumu mpaka tundu likutane na ajasta. Za baadaye zina matundu kwenye bamba la nyuma, yamezibwa kwa vizibo vya mpira. Chukua tochi.

Ingiza bisibisi, sukuma jino moja baada ya jingine huku mkono wa pili unazungusha gurudumu. Ajasta hizi mbili hukazwa kwa kuzungushwa pande zinazopingana, hivyo ikiwa gurudumu linazidi kuwa jepesi, unalegeza. Geuza.

Endelea na ajasta ya kwanza mpaka gurudumu lisizunguke kwa mkono. Irudishe meno matatu au manne, gurudumu lizunguke tena. Fanya hivyo kwa ajasta ya pili.

Sasa ingia ndani ukanyage pedali kwa nguvu mara kadhaa. Shuu zitahama na kukaa katikati ya dramu. Rudi kwenye gurudumu: utakuta limelegea tena. Rudia kukaza. Watu wengi hukaza mara moja, wakaridhika, wakakosa kukanyaga na kurudia, na pedali ikabaki chini.

Unalotafuta ni gurudumu linalozunguka kwa mkono likitoa mkwaruzo mwepesi, hata ukiwa wa sehemu moja ya mzunguko. Magurudumu ya nyuma huwa mazito kidogo kwa sababu yanazungusha na vitu vya ndani ya giaboksi. Usiuhesabu uzito huo kuwa ni breki. Mkwaruzo ukiwa mkali sehemu moja tu na gurudumu kunasa hapo, dramu imepinda. Ipeleke ikachongwe lethi, na ya upande wa pili pamoja nayo.

Maliza yote manne. Kanyaga. Kwenye gari nyingi, hapa hapa pedali imeshapanda, na upepo bado hujautoa.

Hendibreki ndiyo inafuata sasa. Nati za kebo zake ziko chini ya mkono, ndani ya kifuniko cha mpira. Zizuie kebo zisizunguke kwa bisibisi, kaza nati. Ukivuta meno mawili, magurudumu yote mawili ya nyuma yawe na uzito sawa. Ukivuta manne, yasizunguke kwa mkono.

## Hatua ya 6: Nafasi ya masta silinda

Sukuma pedali kwa kidole. Inapaswa isogee milimita 5 hadi 7 kabla hujahisi kitu. Safari hiyo inatokana na nafasi ya karibu milimita 1 kati ya fimbo ya pedali na pistoni ya masta silinda.

Nafasi hiyo ikikosekana, mafuta hayarudi kwenye kopo la mafuta ya breki. Yakipata joto yanatanuka, shuu zinabana, zinazidi kuchemka, na baada ya kilomita chache gari linakataa kwenda. Wanaofupisha nafasi hii ili "pedali ije juu" wanajitengenezea balaa hilo. Pedali huletwa juu kwa ajasta za magurudumuni.

## Hatua ya 7: Kutoa upepo

Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Vitabu vingi vya Beetle viliandikwa kwa gari la usukani kushoto, ndiyo maana vinaanza nyuma kulia. Kwa usukani wa kulia, kama zilivyo nyingi Kenya, Uganda na Tanzania, masta silinda iko kulia, hivyo anza nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia.

Jaza kopo. Kwenye Beetle nyingi liko chini ya boneti ya mbele, nyuma ya tairi la akiba, na ndiyo maana husahaulika. Funika rangi ya gari kwa tambara. Mafuta ya breki huibabua. Yakimwagika, osha kwa maji mara moja.

Weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Ndani ya masta silinda iliyozeeka, sehemu ambayo pistoni haifiki kila siku huwa na kutu, na kuisukuma mpaka huko hukwaruza mipira. Masta nyingi nzima huharibika siku ya kutoa upepo.

Chomeka mpira mwembamba kwenye skrubu, ncha ya pili izame ndani ya mafuta safi kwenye chupa. Halafu mkubaliane maneno, na kila anayepewa neno alirudie:

"Kanyaga."
"Nimekanyaga."

Hapo fungua skrubu nusu mzunguko. Pedali itashuka, mapovu yatatoka. Funga.

"Achia."
"Nimeachia."

Mwenzako akiachia kabla hujafunga, upepo unavutwa tena ndani na mnaanza upya. Akanyage polepole, pedali haipampiwi. Kila baada ya mikanyago mitano au sita angalia kopo. Likikauka, umeingiza upepo kutoka juu na kazi yote inarudi mwanzo.

Gurudumu limekwisha mafuta yakitoka masafi, bila povu, mikanyago kadhaa mfululizo. Yaliyotoka usiyarudishe kwenye kopo hata yakionekana masafi.

## Hatua ya 8: Jaribu kabla ya barabara

Kandamiza pedali kwa nguvu zako zote kwa dakika moja. Isishuke. Kagua kila kiungo na kila silinda kwa tambara kavu. Likilowa, kaza au badilisha.

Nenda kwenye uwanja tambarare usio na watu. Kwa kilomita 20 kwa saa, shika breki usukani ukiwa umeushika kidogo tu. Gari lisimame sawa. Likivuta, rudi kwenye Hatua ya 5 kwa upande ule usioshika. Ongeza mwendo kidogo kidogo, kisha simama na usogeze kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Joto lilingane kushoto na kulia.

## Baada ya hapo

Shuu mpya hukaa vizuri kwenye dramu baada ya kusuguana, na nafasi huongezeka. Kaza tena baada ya kilomita 500, na siku hiyo hiyo kagua nati za ekseli. Kwenye kilomita hizo usiende kupima breki kwenye miteremko mikali ya Kitonga wala Mai Mahiu. Hata zikizoea, kwenye mteremko mrefu teremka kwa gia ya pili: dramu ikichemka hupoteza nguvu, na mafuta yenye maji huchemka mapema. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya unyevu, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 155.

Kwa sababu hiyo mafuta hubadilishwa yote kila miaka miwili, hata kama gari hulala tu. Mombasa, Tanga au Unguja, penye hewa ya chumvi na unyevu, mimi nisingevuka mwaka mmoja na nusu. Chupa iliyobaki nusu kabatini tangu mwaka jana usiitumie.

Ukipita kwenye maji yaliyofika katikati ya magurudumu, dramu hujaa. Endesha taratibu huku mguu umegusa pedali kidogo, mpaka uhisi breki zinashika tena pande zote.